Dawa Tuliyoweka Ndani ya Jino Lako Ina Tarehe ya Kutolewa

Lalamiko hili limerudi tena wiki iliyopita, pale mapokezi, mbele ya wagonjwa wengine: "Mliniwekea dawa, jino likatulia, sasa limekatika na mnataka hela nyingine!" Mama wa watu alikuwa na uchungu, na hatumlaumu. Lakini hakuibiwa. Kadi yake ilimtaka arudi baada ya wiki mbili. Alirudi baada ya miezi minane.

Tunapotibu mzizi, siku ya kwanza tunapiga ganzi, tunafungua jino, tunatoa mshipa uliooza, tunapitisha faili, yaani visindano vya kukwangulia, na kuosha mifereji iliyo ndani ya mizizi. Kukiwa na usaha hatujazi siku hiyo. Tunaweka dawa ya kuua wadudu waliobaki, tunaziba kwa muda, unakwenda nyumbani. Maumivu yakishatulia, ndipo watu wanapotupotea.

Dawa hizo ni za kupita tu. Ya kwanza ni kalsiamu hidroksaidi, yaani chokaa safi kabisa. Ya pili ni pasti ya antibiotiki: siprofloksasini, metronidazoli na minosaiklini zikichanganywa pamoja. Hii tunaitumia hasa kwa watoto ambao jino limekufa kabla mzizi haujakomaa.

Sasa, sehemu kubwa ya jino ni dentini, na karibu asilimia 70 ya uzito wa dentini ni madini, kalsiamu na fosfeti. Pasti hiyo ina asidi, nayo asidi huyeyusha madini. Minosaiklini, ndugu wa tetrasaiklini, hung'ang'ania kalsiamu na kuing'oa mahali pake, tena huacha jino na rangi ya kijivu. Ukuta wa mfereji unalainika kwa ndani, wewe husikii chochote. Majaribio ya maabara yameonyesha dentini ikipoteza ugumu kadiri pasti inavyokaa, hasa ikiwa nzito, gramu nzima kwa mililita. Ikiwa ya miligramu chache kwa mililita, madhara hupungua sana. Ndiyo maana kwetu inapimwa kwa mizani, na anayetuambia "niwekeeni nzito iue kabisa" tunamkatalia. Chokaa nayo, ambayo ni alkali kali (pH, kipimo cha asidi na alkali, ni karibu 12.5), ikikaa miezi hudhoofisha nyuzi za protini zinazoyashika madini.

Mtoto mmoja wa darasa la tatu alianguka shuleni, jino la mbele la juu likafa. Katika umri ule ncha ya mzizi bado iko wazi na kuta ni nyembamba, kwa hiyo kila chembe ya madini ina thamani. Tulimwekea pasti nyepesi isiyo na minosaiklini, na mama yake alimleta tarehe ileile tuliyompangia. Picha za baadaye zilionyesha mzizi ukiendelea kukua. Kazi ile tunajivunia mpaka leo.

Mwingine, kijana wa bodaboda, alikuwa akifungua kapsuli ya tetrasaiklini, anamwaga unga kwenye tundu na kushindilia pamba kila jino linapomsumbua. Tulipoitoa ile pamba, ilinuka chumba kizima. Chini yake tulikwangua kwa kijiko, dentini ikatoka laini kwa vipande, kwa sababu uozo ulikuwa unaendelea muda wote. Unga ule haufiki kwenye mizizi. Kuling'oa ndiyo njia iliyobaki.

Kuhusu bei: mnatuambia kwingine wanamaliza siku moja kwa nusu ya hela. Yapo meno ambayo hata sisi tunayamaliza siku moja, yale yasiyo na usaha. Bei yetu ni ya kazi nzima: picha, kusafisha, dawa, kujaza. Ukirudi kubadilishiwa dawa kwa tarehe uliyopangiwa, hatutozi. Lakini jino likikatika chini ya fizi hakuna tena cha kujaza. Linang'olewa, na la bandia ni gharama nyingine kabisa.

Kama una dawa yetu ndani ya jino na tarehe imepita, usitafunie upande huo, na njoo hata kama salio hujalipata. Tutaitoa, tutaosha mifereji na kuziba upya, deni tutaliandika kwenye kadi.