Jumamosi Dunga: albamu ya pili ya Adele
Wapenzi, tukutane saa kumi jioni ufuoni Dunga, pale tulipokaa mwezi jana. Zamu hii ni “21” ya Adele, ya mwaka 2011, aliyoipa jina la umri wake alipokuwa akiiandika. Mapenzi yamevunjika, binti kabaki na upweke wake.

Nyimbo ni 11, tunasikiliza kwa mpangilio, hakuna kuruka. Wa mwisho ni piano na sauti tu, unasikia hata anavyovuta pumzi. Kwa hiyo simu zizimwe jamani! Mara iliyopita moja ililia katikati ya kimya, na mwenyewe akapokea.

Spika nishachaji. Chai ya tangawizi ninayo, kikombe uje nacho. Mlioachwa majuzi, kaeni karibu nami, leso zipo.