Barua kwa mwanangu anayekwenda London kusomea uigizaji

Mwanangu Zaina,

Simu ilikatika Jumapili kabla sijamaliza. Neno lenyewe ni hili: hiyo filamu fupi ya huyo kaka wa London usiifanye. Unasema ni siku mbili tu, atakulipa mkononi, na hakuna atakayejua. Masharti ya viza yako nimeyasoma mstari kwa mstari. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini uigizaji wa kulipwa haumo, hata saa moja, wala kujiajiri hakumo. Kahawa utauza, duka utafagia. Kamera hapana, isipokuwa mafunzo ya kazi ambayo chuo chenyewe kinayahesabu kama sehemu ya masomo.

Najua utanitajia yule mwigizaji, Sheila Atim. Kweli alizaliwa Uganda mwaka 1991, ana tuzo za Olivier, zile za maigizo ya jukwaani huko Uingereza, za 2018 na 2022, na katika filamu ya The Woman King tulimwona sote. Ila yeye alifika Uingereza akiwa mtoto mchanga, akakulia Rainham, pembezoni mwa London. Wewe unaingia kwa viza yenye masharti, na ukiyavunja inaweza kufutwa. Tena alisoma shahada ya sayansi ya tiba King's College London, nami nililitumia sana hilo kukusukumia uuguzi. Ile fomu ya uuguzi niliijaza mimi, hata sahihi haikuwa yako. Juzi nimeiwashia jiko.

Ukihitimu, omba viza ya wahitimu ungali Uingereza, kabla ile ya mwanafunzi haijaisha. Ukishaipata, igiza kwa malipo utakavyo. Kabla ya hapo, huyo kaka asikudanganye.

Wakati huo jizoeze kujirekodi kwa ajili ya odisheni. Simu uilaze kwa upana, lenzi ilingane na macho yako, nyuma uwe ukuta mtupu. Dirisha liwe mbele yako. Likiwa mgongoni uso wako utakuwa kivuli. Anayekusomea mistari asimame ubavuni mwa lenzi na apunguze sauti, maana yuko karibu na maikrofoni kuliko wewe, atakufunika. Chumba kikiwa na mwangwi, tundika blanketi. Sauti yako inafika viti vya nyuma bila kipaza sauti, na hilo hukufundishwa na mtu. Mbele ya kamera ishushe.

Wakala wa kweli hula asilimia ya kazi aliyokupatia. Anayetaka ada ya kukusajili kwanza, mwache. Na pasipoti yako asikushikie mtu, hata awe Mganda mwenzako.

Adapta ya chaja usinunue, soketi za kule ni za pini tatu kama zetu. Mjomba anakuletea sweta mbili na kopo la karanga za kusaga. Kopo liweke kwenye begi kubwa, ukilibeba mkononi watalichukua pale Entebbe. Shangazi yako mrudishie sufuria yake, ameniuliza mara ya tatu. Mdogo wako amekwisha kuhamia kitanda chako. Nimemtoa, akarudi usiku.

Ndege ni Alhamisi. Huyo kaka mjibu leo, kabla hujafunga begi, kisha nitumie hilo jibu nilione.

Mama yako,
Busia