Manyunyu ya kwanza ndiyo yanayoangusha

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linaloniuma kila masika inapokaribia hapa Malindi. Watu wetu huiogopa mvua kubwa, lakini manyunyu ya kwanza huyadharau.

Mimi niliangushwa na manyunyu. Nilipanda bodaboda kutoka Mambrui kuja mjini, mvua haijafika hata dakika kumi. Kijana hakuwa na kasi. Mbuzi akakatiza, breki ikashikwa, pikipiki ikateleza kama iliyopakwa sabuni. Nilipojiinua, goti linavuja damu, kiganja changu kilikuwa na utelezi mweusi kilioutoa kwenye lami.

Ule ni mchanganyiko wa mafuta na vumbi. Miezi yote ya kaskazi barabara hukaa kavu, oili ya magari ikidondoka na kurundikana. Manyunyu hayana nguvu ya kuiosha, huikoroga tu, na msuguano kati ya tairi na lami ukapungua. Mvua ikishanyesha sawasawa, lami huoshwa ikashika tena kidogo. Hapo ndipo yanapokuja madimbwi, na tairi kipara halina mifereji ya kutolea maji, kwa hiyo huelea.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, kwenye lami kavu breki hulisimamisha kwa takriban mita 14. Lami ikilowa, hufika kama mita 25. Na ile sekunde moja ya dereva kushtuka kabla hajakanyaga breki imeshakula karibu mita 14 nyingine.

Mchanga nao una balaa lake. Malori hupita bila turubai, ukamwagika kwenye kona. Punje zile hubingirika chini ya tairi kama choroko kwenye sakafu ya simiti. Mwenye pikipiki akibana breki ya mbele hapo, yuko chini.

Nawaomba wenye jukumu la barabara wazifagie kona hizo kabla ya Aprili, na malori yafunikwe. Nanyi vijana wetu wa boda, punguzeni mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Na mtazame tairi zenu. Lile la nyuma la kijana wangu nililipitisha kidole, laini kama kifuu kilichosuguliwa. Nilipomuuliza, akanijibu kwa upole, “Mama, hili bado lina mwezi.”

Mama wa watoto watatu,
Malindi