Rukia, anza na dhahabu

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Mama yako kanisomea ujumbe wako: kozi inaanza Jumatatu, unatua Lisbon Ijumaa usiku, na wenzako wanataka mchange hela mkodi nafasi kwenye basi la ghorofa mbili linalozungusha watalii. Usichange. Una miguu, una Jumamosi na Jumapili nzima, na wewe ni mtu wa Kilwa, jambo ambalo mji ule unalijua kuliko wanavyolijua wenzako. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mama yako atanipokonya kabla sijafika hata uwanja wa Rossio.

Kwanza viatu. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe, na vyeusi vya bazalti vimepangwa maua na mawimbi katikati. Vinapendeza, ila vimesuguliwa na nyayo za miaka mingi, na manyunyu kidogo tu yakipita utaona watu wazima wanashikana mikono kwenye miteremko. Chukua raba zenye soli yenye meno. Vile viatu vya harusi ya Mwajuma viache hotelini.

Jumamosi anzia Terreiro do Paço, uwanja mkubwa ulio ukingoni mwa mto Tagus. Kwenye ramani umeandikwa Praça do Comércio, lakini wenyeji bado wanauita kwa ikulu iliyokuwepo. Ikulu yenyewe huikuti. Mfalme Manuel wa Kwanza aliijenga hapo mwanzoni mwa karne ya 16, na humo humo kukawa na Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara ya misafara ya Afrika na Asia: pilipili manga, mdalasini, dhahabu, hesabu za merikebu. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa kanisani asubuhi, ardhi ikatetemeka. Kisha maji yakapanda kutoka mtoni, kisha moto ukala mji kwa siku kadhaa. Ikulu ikaenda, na makaratasi ya Casa da Índia yakaenda nayo. Watalii watakuwa wanapiga picha sanamu ya mfalme José juu ya farasi. Wewe fikiria habari za pwani yetu zilizoandikwa na makarani wale, ambazo hatutazisoma tena.

Pita chini ya tao, panda Rua Augusta. Mitaa ile imenyooka kwa sababu Marquês de Pombal, waziri wa mfalme José, aliijenga upya yote baada ya tetemeko, na ndani ya kuta wakatia fremu za mbao ili jengo likitikiswa lisiporomoke. Inasimuliwa kwamba waliijaribu kwa kuwaamuru askari wapige kwata kuzunguka mfano wake. Maduka ya pale ni bei mbaya. Usisimame.

Ukifika Rossio, kata kulia uingie Largo de São Domingos. Hapa kaa. Utaona wazee wa Guinea-Bissau wamesimama vikundi vikundi wakizungumza, na wanawake wanauza vitu vyao kwenye mifuko. Waafrika kukusanyika pale si jambo la leo. Chama cha Wakristo Weusi, cha Bikira Maria wa Rozari, kilikuwa na makao katika kanisa la uwanja huo tangu enzi za utumwa, na mwaka 1551 mtu mmoja aliyehesabu wakazi wa Lisbon alikuta watumwa karibu 10,000 katika mji wa watu kama 100,000. Kanisa lenyewe ingia, hata kama wewe si wa huko, na uvae heshima. Liliungua mwaka 1959 na hawakuficha. Nguzo za mawe zimebanduka magamba, pembe zimeliwa na moto, ukipitisha kidole unahisi jiwe limegeuka changarawe. Mimi makanisa ya dhahabu ya Ulaya nimeyaona mengi na mengi nimeyasahau, lakini hilo bado linanijia.

Nje uwanjani kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Aprili 1506. Walikuwa wamelazimishwa kubatizwa mwaka 1497, na bado kundi la watu likawatoa majumbani na kuwachoma kwa siku kadhaa. Ushike mwaka huo, 1506, na jina la mfalme aliyetawala: Manuel. Utakutana navyo vyote viwili Jumapili.

Kutoka pale hadi uwanja wa Martim Moniz ni hatua chache, na hapo unaingia mtaa wa Mouraria. Afonso Henriques alipouteka mji mwaka 1147 akisaidiwa na wapiganaji wa msalaba, Waislamu waliobaki waliwekwa upande huo wa kilima, nje ya ukuta. Wakakaa humo hadi Manuel alipotoa amri, mwishoni mwa 1496, kwamba wabatizwe au waondoke. Leo pita Rua do Benformoso wakati wa adhuhuri usikie Kibangali na Kipunjabi. Nyama ya halali imejaa, biriani ipo, na sambusa utazikuta karibu kila mkahawa wa mji, wanaziita chamuça. Kula hapo kabla ya kupanda, maana juu kwenye ngome watakuuzia mkate mkavu kwa bei ya samaki mzima.

Mlima wa ngome ya São Jorge ni mkali. Panda kwa miguu, taratibu, upite vichochoro. Tramu namba 28 inapanda huko, ya njano, ya zamani, kila mtu anaitaka, na wadokozi wanajua hilo. Serahangi wetu wa melini, mtu aliyezunguka bandari zote za dunia na kujiona mjanja, alishuka humo bila pochi. Ngome yenyewe ilianza kuwa ya Waislamu, katika karne ya 11. Ukishuka upande wa pili simama Santa Luzia, ukutani kwa kanisa kuna picha mbili kubwa za vigae vya buluu: moja inaonyesha Terreiro do Paço kabla ya tetemeko, kwa hiyo ile ikulu uliyoikosa asubuhi utaiona hapo, nyingine ni kutekwa kwa ngome. Chini zaidi kuna Kanisa Kuu, Sé, zito, limejengwa kama boma la vita. Walilianza baada ya 1147, palipokuwa na msikiti. Mtaa wa Alfama baada ya hapo tembea bila ramani. Ukipotea, teremka, kila mteremko unakupeleka mtoni.

Sasa Jumapili, ambayo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Karibu kila mgeni anapanda treni moja kwa moja hadi Belém, anaona Monasteri ya Jerónimos, anakula keki, anarudi. Mimi nataka ufuate mpangilio mwingine. Usiende Belém mpaka umepita Rua das Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Wanafungua saa nne asubuhi. Jumatatu wanafunga, ndiyo maana nasisitiza Jumapili. Kutoka Cais do Sodré unatembea tu kufuata mto kuelekea magharibi. Ukifika gati la Rocha do Conde de Óbidos kuna ngazi ndefu za kupanda kwenye bustani, na makumbusho yako pembeni yake. Meli yetu ilipokuwa ikifunga gati la Alcântara nilikuwa nikipanda ngazi hizo baada ya zamu, bado nanuka dizeli, na walinzi hawakuwahi kunirudisha.

Ulizia Custódia de Belém. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ndani ili waumini waione na kuiabudu. Kimo chake ni sentimita 73 hivi, dhahabu na enameli za rangi. Katikati ni kioo, na mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na uso wake na joho lake. Juu ya vichwa vyao ananing'inia njiwa mweupe. Juu kabisa ni Mungu Baba kama wanavyomchora wao. Sogea, usiogope kuinama, utazame kitako: konokono, ndege, maua, vidogo mno. Fundi anatajwa kuwa Gil Vicente. Kisha usome maandishi yanayozunguka ukingo wa chini. Kwa Kireno cha zamani yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika mwaka 1506.

Ndiyo, Kilwa hii yetu. Jina limechorwa kwenye dhahabu.

Skuli walikufundisha Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Safari ya pili, mwaka 1502, aliingia Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamwambia Amir Ibrahim, mtawala wa mji, alipe kodi kwa mfalme wa Ureno kila mwaka au mji uchomwe. Amir akalipa. Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa, unajua. Ilitoka bara, ikashuka Sofala, pwani ya Msumbiji, na Kilwa ikatajirika kwa kuisafirisha. Gama akafika nayo Lisbon mwaka 1503. Na kulipa hakukusaidia, kwa sababu mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na jeshi akauteka mji hata hivyo, akajenga ngome, kisha akaenda kuichoma Mombasa. Wareno wenyewe ngome ya Kilwa waliiacha mwaka 1512. Kwa hiyo mafundi wa Lisbon walipokuwa wanamalizia pua za mitume, mji uliotoa dhahabu ulikuwa tayari umeporwa, na pale São Domingos watu walikuwa wanachomwa. Mwaka mmoja, mfalme mmoja.

Humo humo makumbusho tazama pia mapazia ya Kijapani, ya kukunjwa, yanayoonyesha merikebu za Wareno zinafika Japani. Angalia juu ya milingoti. Walioning'inia kwenye kamba ni watu weusi. Mimi niliyekula chumvi ya bahari kwa kazi hiyo hiyo nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitazama.

Baada ya hapo ndiyo uende Belém, kwa miguu ukiweza, kama kilomita nne. Utapita chini ya daraja la 25 de Abril, ambalo magari yakipita juu ya wavu wake wa chuma linavuma kama mzinga wa nyuki. Lilifunguliwa mwaka 1966 kwa jina la Salazar, dikteta wa Ureno, likabadilishwa baada ya mapinduzi ya 25 Aprili 1974. Msumbiji ilipata uhuru mwaka uliofuata, na wale FRELIMO walioupigania walikuwa wamekiunda chama chao Dar es Salaam mwaka 1962. Baba yako mkubwa alisoma na watoto wao.

Mnara wa Wavumbuzi, ule wa 1960 wenye umbo la jahazi, una zaidi ya mita 50 na umejaa wafalme, mapadri na manahodha wa Kireno. Rubani aliyepatikana Malindi akamfikisha Gama India hayumo. Ardhini mbele yake kuna ramani ya dunia ya marumaru. Katembee mpaka pwani yetu, utoe picha ya viatu vyako juu yake, kisha uachane na mnara, hauna zaidi ya hapo.

Jerónimos ndiyo iwe ya mwisho. Manuel aliijenga kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, na ile Custódia aliiachia monasteri hii kwa wosia. Ilitoka baada ya watawa kuondolewa mwaka 1834. Mawe yamechongwa kamba za meli, matumbawe na tufe la pete zilizopishana, nembo ya mfalme, lile lile lililoko kwenye shina la chombo cha dhahabu. Ukiingia kanisani, kushoto ni kaburi la Gama, limechongwa karne ya 19. Watu watakuwa kimya pale. Na wewe nyamaza, lakini utazame vizuri, kwa sababu umetoka kusoma risiti yake.

Keki za Belém wanazioka tangu 1837, wananyunyizia mdalasini. Uliza kwanza kama kuna mafuta ya nguruwe. Treni za kurudi Cais do Sodré ni za mara kwa mara, na jioni upepo wa mto ni baridi hata kiangazi; beba koti.

Nina ombi moja. Pale makumbusho piga picha ya kitako cha Custódia, bila flashi, uzunguke chombo chote ili maandishi yatoke kamili. Kama dhahabu irudi au isirudi, wakubwa watabishana, na mimi nina upande wangu. Lakini vijana wanaowavusha wageni kwenda Kisiwani na kuwazungusha Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa hawana hata picha ya kuwaonyesha. Nitaichapisha hapa Masoko, nakala kubwa, niwagawie.

Mama yako anasema usimletee sumaku ya friji. Anataka dagaa wa kopo, wa mafuta ya zeituni, wenye pilipili.

Baba yako