Waziri aulizwe kuhusu manowari ya pili

Mhariri,

Kila nchi inapojitangaza kuwa sasa inaunda manowari zake yenyewe, magazeti huchapisha picha ileile. Meli imepambwa bendera, chupa inavunjwa ubavuni mwake, wakubwa wanapiga makofi, chombo kinateleza majini. Picha tamu, sikatai. Lakini manowari siku inaposhuliwa, yaani inapoteremshwa majini, mara nyingi ni tumbo la chuma tu, na kazi ngumu bado iko mbele. Tazama Vikrant, manowari ya kubeba ndege iliyoundwa India, kwenye kiwanda cha meli cha Kochi. Mkuku wake, yaani uti wa chini wa meli, ulilazwa 2009, ikashuliwa Agosti 2013, na jeshi la wanamaji likaiingiza kazini Septemba 2022. Makofi yalitangulia kazi kwa miaka tisa.

Siikejeli Vikrant. Chuma chake kilitarajiwa kutoka Urusi, kikasumbua kupatikana, Wahindi wakalazimika kubuni chuma chao wenyewe, na chuma hicho kimetumika kwenye manowari nyingine baada yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida yenyewe, kuliko hata meli.

Ninachotaka kusema ni kwamba manowari ya kwanza haithibitishi lolote. Ya kwanza huchelewa na huwa ghali, popote pale, kwa sababu kila mtu kiwandani bado anajifunza. Ada hiyo ya kujifunza hurudi kwenye ya pili, ya tatu na ya nne. Serikali ikilipa ada kisha ikasimamisha kazi, imelipia shule na kumtoa mwanafunzi kabla ya mtihani.

Hayo yameshatokea. Miaka ya 1980 India na Korea Kusini, kila moja kwa mkataba wake, zilikwenda kwa mwalimu mmoja: kiwanda cha meli cha HDW mjini Kiel, Ujerumani. Zote zilitaka nyambizi za aina ya 209, muundo wa Kijerumani. Zote zilikubaliana kwamba za mwanzo zijengwe Kiel na zilizobaki zijengwe nyumbani. India ilitangulia. Nyambizi mbili zilitoka Mazagon Dock, Mumbai: Shalki mwaka 1992 na Shankul mwaka 1994. Lakini mkataba ulikwishaingia kwenye tuhuma za mlungula, siasa zikachacha, mpango ukaishia hapo. Mkataba mwingine ulikuja 2005, safari hii na Wafaransa, na nyambizi ya kwanza, Kalvari, iliingia kazini Desemba 2017. Hesabu miaka kutoka 1994. Fundi aliyekuwa na miaka 37 Shankul ilipokabidhiwa alikuwa na 60 Kalvari ilipokabidhiwa.

Wakorea walifanya kinyume. Nyambizi moja ilijengwa Kiel, nane wakazijenga kwao, mfululizo. Kabla mikono haijapoa wakaingia aina mpya zaidi, ya 214, tisa nyingine. Mwaka 2011 walisaini mkataba wa kuiuzia Indonesia tatu, na 2021 jeshi lao lilipokea Dosan Ahn Changho, nyambizi waliyoichora wenyewe. Mwalimu alikuwa mmoja na somo lilikuwa moja. Tofauti ni kwamba kwa Wakorea kengele ya kazi haikunyamaza.

Asiyewahi kukaribia kazi hii anaweza kujiuliza kwa nini fundi asisubiri tu. Basi amtazame mchomeleaji wa nyambizi. Bamba nene hupashwa moto kwanza, lisije likapasuka baadaye. Mshono hujazwa tabaka juu ya tabaka, kisha hupigwa eksirei. Ukionekana ufa mwembamba kama unywele, pale panachimbwa na kuchomelewa upya, kwa sababu huko chini bahari italibana tumbo hilo kutoka kila upande. Mikono ya namna hiyo haihifadhiwi kabatini. Fundi asipoitwa, atakwenda kuchomelea mabomba ya mafuta, na ana haki, watoto wanakula kila siku.

Wala si ugonjwa wa wanagenzi pekee. Uingereza imekuwa ikiunda nyambizi za nyuklia tangu miaka ya 1960. Miaka ya 1990 kazi ilipungua kwenye kiwanda chao cha Barrow-in-Furness, wenye ujuzi wakatawanyika, na mradi wa nyambizi ya Astute ulioagizwa 1997 ukakwama kiasi cha kuwaita wataalamu kutoka Marekani waje kusaidia. Astute ilipokewa 2010, miaka kadhaa nyuma ya ratiba.

Kuhusu injini nitasema machache, ingawa ndiko neno "yetu wenyewe" linakoumbuka mara nyingi. Mwaka 2014 Ukraine ilipoacha kuiuzia Urusi injini za kutoka Mykolaiv, manowari za Kirusi zilibaki kiwandani matumbo matupu. Mbili kati ya manowari hizo zimeishia kwa jeshi la wanamaji la India, zikiwa na injini ambazo India ilizinunua Ukraine. Ukipenda, cheka.

Najua watakaosema adui hasubiri mtu ajifunze, na kwamba kununua nje ni haraka zaidi. Wana hoja, na mimi nakwenda mbali kuliko wao: jeshi linalohitaji manowari mbili tu lisijengewe kiwanda cha kuunda. Linunue, na fedha ziwekwe kwenye gudi, pale meli inapotolewa majini ili itengenezwe, na karakana ya matengenezo, kwa kuwa manowari hutumika miaka 30 au zaidi na hurudi gudini mara nyingi katika maisha yake. Asiyeweza kutengeneza meli yake ataiona ikiozea gatini huku akisubiri kipuri kwa barua pepe. Lakini anayetaka kuunda kweli aagize nyingi kiasi, azipange kwa miaka, na asizikatize kila uchaguzi unapopita.

Kwa hiyo, mhariri, mwandishi wenu akialikwa tena kwenye sherehe ya kushua manowari, asirudi na picha ya chupa tu. Amwulize waziri, kamera zikiwa wazi: bamba la kwanza la meli inayofuata linakatwa lini, na fedha zake zimo kwenye bajeti ya mwaka gani?

Msomaji wenu wa siku nyingi