Bustani ni ileile kila Desemba, na mwanangu mkubwa amegoma kwenda

Shangazi, shikamoo. Wasomaji wenzangu nawasalimu nyote.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Arua, Uganda. Mume wangu anauza vipuri vya pikipiki. Barua yangu haina ugomvi wa mahari wala mke wa pili, na najua wapo watakaosema hili ni tatizo la watu walioshiba. Sawa. Lakini linanikosesha usingizi kila shule zikikaribia kufungwa muhula wa tatu, na mwaka huu limeigawa nyumba.

Kila Desemba mume wangu hutupeleka Kampala. Tunafikia kwa dada yake, na shabaha ya safari ni bustani ya michezo: bembea kubwa za umeme, magari ya kugongana, treni ya watoto, bwawa lenye mteremko wa maji. Tukimaliza hapo tunakwenda Entebbe siku moja, asubuhi kwenye wanyama, jioni ufuoni, kisha tunapanda basi kurudi. Utaratibu haubadiliki. Hata chipsi na kuku tunakula palepale, na meza yetu ikiwa imekaliwa mume wangu yuko radhi asubiri.

Kifungua mimba wangu ana miaka kumi na mitano. Mwezi uliopita alitangaza mezani kwamba mwaka huu atabaki Arua na babu yake. Hakusema kwa kiburi. Alisema magari ya kugongana ameyagonga mpaka anajua lipi lina usukani mbovu, na kupanga foleni nyuma ya watoto wa chekechea kunamtia aibu. Binti wa katikati, ambaye hufuata upepo wa kaka yake, akasema naye hana haja. Baba yao hakujibu. Alimaliza chakula, akanawa, akarudi dukani usiku ule, na duka lilikuwa limeshafungwa.

Lazima nieleze kidogo kuhusu huyu baba, la sivyo mtanishauri vibaya. Alizaliwa Sudan, miaka ile watu wetu wa West Nile, eneo hili la Arua, walipokimbia vita baada ya serikali ya Amin kuanguka 1979. Utoto wake ulipita kambini. Bembea ya kwanza ya umeme aliiona akiwa mtu mzima. Kwa hiyo nikimwambia "tubadilishe", yeye anasikia kwamba kile alichowapa wanawe hakitoshi. Na nawaambia jambo ambalo watoto hawajaligundua: miaka yote hii yeye mwenyewe hajapanda hata kimoja. Anakata tiketi, anabeba mifuko, anasimama chini akituchukua video. Nikimwambia apande, anasema nani atashika viatu.

Upande wa pili yupo kitinda mimba. Pale kwenye bembea kubwa kuna kipimo cha urefu, na mwaka jana alikosa kwa upana wa vidole viwili hivi. Alilia hadi tukaondoka. Tangu hapo amekuwa akijipima kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwa mkaa, na sasa amepita ule mstari. Huyu ukimwambia hatuendi, utakuwa umemvunja. Kwake bustani hiyo mwaka huu ndiyo kwanza inafunguliwa.

Na mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, huketi kwenye benchi tangu asubuhi akilinda vikapu. Si mtu wa kulalamika. Lakini safari iliyopita aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, Kampala yote hii hakuna kitu kingine?"

Shoga zangu wamenishauri. Mmoja kasema twende Mombasa, mwingine Dubai. Hao nimewashukuru tu. Dada mmoja wa hapa mtaani kasema tuache safari kabisa, hela tununulie mbuzi. Mbuzi ninao.

Basi nikaanza kufikiri mwenyewe. Nimeona kwamba si lazima niivunje safari ya mume wangu ili niipate mpya. Tuanze na njia. Sisi husafiri na basi la usiku kwa sababu mume wangu anataka kufika mapema. Matokeo yake, Mto Nile tunauvuka mara mbili, Pakwach na tena Karuma, gizani, watoto wamelala wamefungua midomo. Wana wa Arua wameijua bembea ya Kampala na hawajaiona Nile yao ikipiga povu Karuma! Hawajawaona hata wale nyani wanaokaa kando ya barabara wakingoja wasafiri kama makondakta wa stendi. Tukipanda basi la alfajiri, hayo yote ni bure, yamo ndani ya nauli ileile.

Halafu kuna Nakitoma, wilaya ya Nakasongola, pembeni mwa barabara hiyohiyo kuu ya Gulu. Ndipo ilipo hifadhi ya vifaru inayoitwa Ziwa. Tumepita njia panda yake kila mwaka, kwenda na kurudi, bila hata kugeuza shingo. Nilipoanza kuulizia nikakuta habari iliyonifanya nimwite kijana wangu kutoka chumbani kwake. Vifaru walikwisha kabisa Uganda kufikia 1983, wakimalizwa na majangili wakati nchi haina mwenyewe. Mwaka 2005 wakaletwa wanne kutoka ranchi ya Solio, Kenya. Mwaka 2006 wakaongezwa wawili kutoka Marekani, na hao wawili walitoka wapi? Disney's Animal Kingdom, kule Florida. Yaani bustani ya matembezi, ya familia kama sisi, wenye watoto wanaopanga foleni! Wakapandishwa ndege wakaja kuishi Nakasongola. Mwaka 2009 jike mmoja kati ya hao wa Marekani alizaa dume, baba wa mtoto akiwa ametoka Kenya, na walinzi wakampa jina la Obama. Mwanangu alicheka hadi akakaa chini. Ni mara ya kwanza kumwona akicheka kuhusu safari ya Desemba tangu sauti yake ibadilike. Leo vifaru wa pale wamezaana hadi kupita 40.

Lililonigusa mimi zaidi ni kwamba hawa si wanyama wa ugenini kwetu. Vifaru weupe walikuwepo huku West Nile, na pori la akiba la Ajai lilitengwa kwa ajili yao. Wazee wetu waliwaona kwa macho. Mama mkwe, nilipomsomea haya, alisema kwa utulivu kabisa, "Ndiyo, baba yangu alimkimbia mmoja." Miaka yote namjua mama huyu, hajawahi kulisema. Kumbe hakuna aliyemuuliza.

Pale Ziwa watu hawazungushwi na gari. Unatembea kwa miguu na mlinzi, mnafuata nyayo kwenye nyasi mpaka mnawakuta. Hapo ndipo ninapokwama. Mtoto wa miaka sita, mwenye mdomo usiotulia, atafaa? Na bibi mwenye magoti abaki wapi? Nawaomba wasomaji waliokwenda na watoto wadogo waniambie walivyofanya. Tena basi halitusubiri. Tukishuka njia panda itatubidi tuchukue boda hadi ndani, kisha tulale, ama tudandie basi jingine jioni. Mume wangu amelisikia hilo la kudandia na uso wake nimeuona.

Entebbe nako nimegundua tumekuwa tukipita juujuu. Kile kituo cha wanyama kilianza 1952 kama makao ya wanyama yatima na walionyang'anywa kwa wawindaji, na tangu 1994 ni kituo cha elimu. Sisi tunaingia, tunamtazama simba, simba anatutazama, tunatoka. Kumbe unaweza kulipia ufanye kazi na wahudumu wao: kuandaa chakula cha wanyama, kulisha, kusafisha mabanda. Kijana wangu anafuga sungura na anawauza sokoni, faida anaiandika kwenye daftari. Huyu akipewa ndoo na gambuti atasahau kwamba anaona aibu. Isitoshe kuna vibanda vya kulala humohumo ndani, na usiku unasikia simba akinguruma ukiwa kitandani. Nauliza: siku yetu moja ya Entebbe tukiigeuza kuwa usiku mmoja, halafu ufuo tuuache, nitakuwa nimemkosea nani? Binafsi ule ufuo sitaukumbuka, siku za sikukuu unakanyaga watu kuliko mchanga. Wengine wananitajia kisiwa cha Ngamba, walipo sokwe tangu 1998, lakini boti na kiingilio kwa watu sita, hapana. Labda watoto wakianza kazi watatupeleka wao.

Kampala yenyewe nataka vitu viwili tu. Cha kwanza, Msikiti wa Taifa pale Old Kampala. Mnara wake watu hupanda hadi juu, na ukiwa kule unaiona Kampala na vilima vyake pande zote. Binti yangu anapenda kuchora ramani, na sijui ramani gani itamshinda hiyo. Mama mkwe naye ataswali, apumzike kwenye zulia, asilinde kikapu cha mtu. Cha pili ni jioni ya Jumapili pale ukumbi wa Ndere, Ntinda, kwenye ngoma za makabila mengi ya Uganda. Mnaketi mezani, mnakula, zinachezwa za Kiganda, za Kiacholi, na zetu za West Nile zimo. Magoti hayaumii kwa kuketi. Makumbusho ya Taifa, yaliyoanza 1908, nilitaka kuyaongeza, lakini watoto wangu wote watatu wamenikatalia kwa kauli moja, na kwa nyumba iliyogawanyika nimeona nisivuruge hayo maafikiano machache.

Sasa bustani ya michezo yenyewe, ambayo bado tutakwenda. Nimewaza siku mbili tunazokaa pale ziwe moja. Tuende siku ya kazi, asubuhi na mapema, tusiende tena wakati wa Krismasi ambapo foleni moja inamaliza mchana. Kila mtoto apewe hela yake mkononi mwanzoni, akate tiketi anazotaka, zikiisha zimeisha. Zamani baba yao alikuwa akikata kwa wote, na ndiyo maana wote walikuwa wanapanda vitu vilevile. Kijana wangu aje na binamu yake wa Kampala, walingane umri, wawe na saa zao wawili bila sisi, tukutane kwenye chakula. Na kila mmoja wetu apande kitu kimoja ambacho hajawahi kukipanda, nami nimo. Mimi itanibidi nipande ile bembea inayozunguka juu, ambayo nimekuwa nikiikwepa kwa kisingizio cha pochi. Magari ya kugongana yawe mashindano ya nyumba nzima, bibi akiwa refa mwenye filimbi. Alipolisikia hili bibi aliuliza kama filimbi inauzwa Arua ama ni ya kununua Kampala.

Kwa hiyo mipango ninayo, Shangazi. Ninachokosa ni mlango wa kuingilia kwa mume wangu. Nikimpelekea orodha hii yote kwa mkupuo ataona nimempokonya safari yake. Nikimpelekea kidogokidogo, shule zitafungwa sijafika hata Nakitoma. Nimefikiria kijana ndiye amwambie habari ya vifaru wa Florida, mtu na baba yake, bila mimi kuwepo, kwa sababu ikitoka kwangu itakuwa ushauri, ikitoka kwake itakuwa ombi. Lakini naogopa akifanya vibaya ataharibu zaidi. Ana umri wa kusema neno zuri kwa sura ya kununa.

Na je, kijana akiendelea kugoma hata baada ya hayo, nimlazimishe? Mama yangu angesema mtoto haachwi nyuma familia inaposafiri, mjadala umefungwa. Mimi sina uhakika. Babu yake yupo, na nyumba haitakuwa tupu. Ila nikifikiria kitinda mimba anapanda ile bembea kubwa kwa mara ya kwanza na kaka yake hayupo wa kukaa naye kiti cha pembeni, moyo unakataa. Baba yake kwa sasa anasema yeye atabaki chini kushika viatu.

Naomba mnijibu kwa yale mliyoyafanya wenyewe, hasa ninyi ambao mnakwenda sehemu moja na watoto kila mwaka. Mlibadilisha nini, na baba wa nyumba mlimwambiaje? Tiketi za basi za Desemba Arua huisha mapema, na mume wangu hukata za usiku wiki shule zinapofungwa. Nataka nimwahi.

Ni mimi,
Mama wa Watatu, Arua