Samaki wasio na kamba: kwa nini orodha ya bei yako inavurugika kwenye simu

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alitupigia simu sisi mafundi wa tovuti akiwa amechoka kabisa. Mteja wake wa Dodoma alitaka dagaa wa kichanja, akatuma hela ya dagaa wa mchanga, na alikuwa anaapa kwamba bei hiyo ameiona kwenye tovuti. Mteja hakudanganya. Tulifungua ukurasa ule kwenye simu tukakuta bei ya kila bidhaa imeshuka mstari wa chini, imekaa juu ya jina la bidhaa inayofuata kana kwamba ni ya kwake.

Fundi aliyeitengeneza tovuti aliandika kistari, jina la bidhaa, kisha nukta nyingi za kuisukuma bei upande wa kulia, halafu akakata mstari kwa tagi ya <br> (tagi ni alama ya kukiambia kivinjari la kufanya). Kwenye skrini pana ya kompyuta ilipendeza. Simu ni nyembamba, nukta hazikutosha, bei ikadondoka. Tatizo hili tunalikuta karibu kila wiki: kwenye tovuti za gesti, za maduka ya vipuri, za kwaya. Na wateja wengi wa Mwanza wanafungua tovuti kwa simu, si kwa kompyuta.

Kiini chake ni hiki. Wewe ukiona vistari vimepangana unaona orodha, lakini kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, hakioni hivyo. Kwake hayo ni maneno tu yaliyokatwakatwa. HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, haijali hata mistari na nafasi ulizoacha wakati wa kuandika: ukibonyeza nafasi mara ishirini, inaonyesha moja. Kivinjari kinajua kwamba hii ni orodha pale tu unapokiambia.

Tukimweleza mteja huwa tunatumia mtungo wa samaki. Tagi ya <ul> ni kamba, na kila <li> ni samaki mmoja aliyetungwa humo:

<ul>
  <li>Dagaa wa mchanga, gunia</li>
  <li>Dagaa wa kichanja, gunia</li>
  <li>Sato mkavu, kilo</li>
</ul>

Vistari haviandikwi. Kivinjari chenyewe kinaweka kidoti mbele ya kila bidhaa, na jina likiwa refu hadi kushuka mstari wa pili, mstari huo unajipanga chini ya jina, hauendi kugusa ukingo. Ukichoka na vidoti, CSS, lugha ya kupamba kurasa, inabadilisha alama na rangi bila kugusa orodha yenyewe. Tagi hizi si jambo la juzi: <ul> na <li> zimo katika maelezo ya HTML ya Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Web, ya mwaka 1991.

Kuna kanuni moja inayovunjwa sana. Kwenye kamba hutungi kitu kingine ila samaki. Ukitaka kuweka picha, aya au kichwa kidogo, kiweke ndani ya <li>, kisiwe kinaning'inia peke yake ndani ya <ul>. Orodha ndogo nayo ni vivyo hivyo. Chini ya "Samaki wabichi" ukitaka kutaja sato na sangara, <ul> ya pili inaingia ndani ya <li> ya "Samaki wabichi", kabla hujaifunga. Mafundi wengi wanaifunga kwanza, ndipo wanaanza orodha ndogo nje. Kwa macho inaonekana sawa, lakini uhusiano umekatika.

Uhusiano huo una kazi kubwa kwa mtu asiyeona. Tulimwomba kijana mmoja wa Nyegezi anayetumia TalkBack, programu ya simu za Android inayosoma skrini kwa sauti, atusikilizie kurasa mbili za bidhaa zilezile. Ule wa <ul> na <li> ulimtangazia mapema kwamba hii ni orodha na ina vitu vingapi, akajua aendelee au apite. Ule wa vistari ulimmwagia maneno na nukta mfululizo, akaishia njiani. Kwenye kompyuta ya Windows anatumia NVDA, programu nyingine ya kusoma skrini, ambayo ni ya bure. Humo anabonyeza herufi L kuruka hadi orodha inayofuata, na I kwenda kwenye kitu kinachofuata. Orodha ya vistari haipatikani kwa njia hiyo. Kwetu jambo hili si nyongeza ya hiari. Mtu mwenye hela yake mkononi anashindwa kununua kwako kwa sababu fundi amekwepa tagi mbili, na hilo linatuuma.

Wanaotumia iPhone wana kasoro yao pia. Ukiondoa vidoti kwa list-style: none ya CSS, VoiceOver, programu ya iPhone ya kusoma skrini, kwenye kivinjari cha Safari huacha kuitaja kama orodha, isipokuwa kama iko ndani ya <nav>, tagi ya menyu. Hapo tunaongeza role="list" kwenye <ul>.

Mpangilio ukiwa na maana, kama hatua za kuagiza mzigo, tumia <ol>. Namba zinajihesabu zenyewe, na ukifuta hatua ya pili, ya tatu inakuwa ya pili bila wewe kuhangaika. Ukitaka kuanzia 5, andika start="5". Baadhi ya mafundi wa zamani watakukatalia, maana HTML 4 ilishauri sifa hiyo iachwe, lakini HTML5 ya mwaka 2014 iliirudisha.

Bei zikiwa na safu kadhaa, yaani gunia, debe na kilo, acha orodha. Hiyo ni kazi ya jedwali, na tutakushauri hivyo hata kama uliomba orodha.

Kama tovuti yako ni ya WordPress, anza aya mpya kwa kistari na nafasi, itageuka yenyewe kuwa orodha halisi. Usibandike moja kwa moja kutoka WhatsApp, kwa sababu vistari na emoji vinaweza kuja navyo kama maneno ya kawaida. Kwa tovuti nyingine, fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U uone HTML yake, tafuta <br>. Zikifuatana nyingi chini ya bei zako, tuletee anwani ya ukurasa tuuangalie.

Yule mama wa Mwaloni sasa anahariri ukurasa wake mwenyewe. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wanaadimika, kwa hiyo orodha yake inabadilika kila mwezi. Anafuta <li> moja, giza likirudi anairudisha, na bei za bidhaa nyingine zinabaki mahali pake.